Jicho la Baba Rosa

Jumatatu, 3 Oktoba 1949
Ugali na mlenda wa chumvi tena. Karanga za posho mume wangu, Baba Rosa, kazipeleka kwa muuza pombe, kama kila mwezi tangu tuhamie kambi hii ya dhahabu. Mafuta hatuyaonji. Alionja tonge moja, akanirushia bakuli. Kidevu kimepasuka. Namchukia.

Alhamisi, 6 Oktoba
Kichwa kinamuuma. Jicho la kushoto jekundu. Taa anaiona imezungukwa na rangi. Anasema nimemroga. Alishika mpini wa sururu anipige. Nilikuwa kushoto kwake. Akapiga mlango. Akabaki anageuza kichwa, ananitafuta, nami nipo palepale.

Haoni upande ule.

Ijumaa, 7 Oktoba
Shimoni kagongana na mchimbaji mmoja Mzinza bila kumwona. Akadhani kasukumwa. Kamvunja meno kwa jiwe. Kafukuzwa kazi. Karudi na damu ya mwenzake shatini.

Jumapili, 9 Oktoba
Alitapika kwa maumivu mpaka akakubali kwenda zahanati. Dresa, mhudumu wa wagonjwa pale, alilibonyeza jicho juu ya kope. Gumu kama jiwe. Kasema maji ya ndani yamezidi, yanaua mshipa wa kuonea. Akauliza tunakula nini. Nikamwambia.

"Mwili usiopata mafuta hudhoofu, macho nayo. Huenda hilo limechangia, siwezi kuapa," alisema. "Lililokufa halirudi. Mpeleke Mwanza, hospitali kubwa, waliokoe la pili."

Baba Rosa akambamiza dresa ukutani, akatoka.

Jumanne, 11 Oktoba
Kaja na panga. Binti yetu Rosa alijificha chini ya kitanda. Nikahamia kushoto kwa baba yake, nikanyamaza. Akakata nguzo. Akapasua mtungi. Akakata kitanda. Hapo nikachukua mpini, nikampiga mkono. Mfupa ulilia. Panga likaanguka. Nikapiga tena.

Sijutii. Hata kidogo.

Jumamosi, 22 Oktoba
Mkono wake umefungwa vijiti. Kaka yangu Petro amefika kutoka Ushirombo. Kesho Baba Rosa anapanda lori la Mwanza. Mimi na Rosa tunaondoka na Petro. Nilimwambia mwenyewe, uso kwa uso.

"Nani atanishika mkono huko, Mama Rosa?"

"Sijui, Baba Rosa."

Alilia. Jicho lililokufa nalo lilitoa machozi. Nilimwangalia mpaka akamaliza, kisha nikaenda kumwogesha mtoto.