Nimeze Kidonge au Niingie Majini?

Mshauri wetu,

Nakusalimu kutoka Magwagwa na naomba unisaidie, na ukiona barua hii inaruka kutoka jambo moja hadi jingine kama mbuzi aliyekata kamba usikasirike, kwa maana huko kuruka ndiko tatizo lenyewe, na nimeianza upya mara nyingi hata dada yangu ameniuliza kama ninaiandikia serikali. Ukiichapisha niite Nyamoita, ambalo si jina langu, lakini akina Nyamoita huku ni wengi na hakuna atakayejua.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na tangu utotoni mimi ni mtu wa kutumwa maji nikarudi na kuni. Shambani kwetu mama hunikumbusha kila asubuhi kwamba chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, nami huanza vizuri, kisha namwona ndege, au nakumbuka wimbo, na mikono inaendelea kuchuma peke yake chochote inachokutana nacho, mpaka siku moja karani wa kituo cha kununulia majani alimwaga kikapu changu chini mbele ya foleni nzima akauliza kama nimeleta chai au chakula cha ng'ombe. Darasani ni aibu zaidi. Mwalimu wa jiografia aliniuliza mvua hutokana na nini, nikasimama wima kama nilivyofundishwa, nikamjibu kwa sauti safi kwamba ana mkia mweusi, kwa sababu nilikuwa nikimtazama kunguru dirishani. Nilichapwa, na sikulalamika, maana hata mimi ningejichapa.

Aliyenihurumia ni Mwalimu Nyanchera wa hesabu. Alimwita baba akamwambia kwamba mimi si mvivu wala si mjinga, ila fikra zangu hazikai, na kwamba katika hospitali moja mjini Kisii kuna daktari mgeni anayejua watoto wa namna hiyo. Tukaenda. Daktari alinipima moyo na uzito, akaniuliza maswali mengi, nikajibu karibu yote, kisha akamweleza baba kwamba kuna vidonge vya kusaidia ubongo wangu utulie. Baba akauliza ni vidonge vya wazimu? Daktari akacheka, na kwa kutaka kumtuliza akasema maneno yaliyotuangamiza.

"Hapana, mzee, usiogope. Dawa hii huchangamsha ubongo kidogo. Ni kama chai kali tu. Wewe si unalima chai?"

"Kulima nalima, daktari," baba akasema. "Kunywa hatunywi."

Daktari akacheka tena, akidhani baba anafanya mzaha. Lakini sisi ni Wasabato, mshauri. Chai tunaipanda, tunaipalilia, tunaichuma, tunaibeba mgongoni mpaka kituoni, na haijawahi kuchemshwa jikoni mwetu hata wakati wa baridi. Mgeni akija anapewa uji. Kama daktari angesema dawa ile ni kama sumu kidogo, nafikiri baba angeshtuka kidogo kuliko vile.

Njiani kurudi baba alitangulia mbele yangu mpaka tulipoona mlima wetu. Ndipo akasema, "Nyamoita, kitu hiki tumekikataa mdomoni miaka yote hii, sasa kimeingia kwa mlango wa hospitali." Akatembea tena kidogo. "Meza. Mwalimu amesema umeze, daktari amesema umeze. Lakini Mzee Omwenga asijue."

Mzee Omwenga ndiye mzee wa kanisa anayetufundisha darasa la ubatizo, kwa maana mwezi wa nane kwenye makambi, ile mikutano mikubwa ya kanisa letu ya kila mwaka, natarajia kubatizwa.

Nilipoanza kumeza, sikupata akili mpya, hilo nataka kulisema mapema kwa sababu watu wanafikiri hivyo. Nilipata tu kukaa. Nilisikia sentensi ya Mwalimu Nyanchera ikianza, nikangoja, ikaisha, na mimi bado nipo pale pale. Sikuwa nimejua kwamba sentensi za hesabu zina mwisho. Nilipata alama ya kupita, mwalimu akaitazama karatasi yangu mbele na nyuma kama anayetafuta mwenyewe halisi, kisha akatabasamu, na siku ile nilifikiri, kimya kimya, kwamba labda hata mimi ninaweza kuwa mwalimu.

Lakini yalikuja na mengine. Chakula kilikosa ladha, sketi ikalegea, na magokoro, yaani nyanya yangu, ambaye hakuambiwa kitu, alinitazama nikisukuma ugali huku na huku akaniuliza, "Ni nani?"

"Nani yupi, magokoro?"

"Huyo kijana anayekuzuia kula. Ana ng'ombe?"

Tena kuna asubuhi nyingine moyo ulikuwa ukinienda mbio nikiwa nimekaa tu, hasa nikimeza kabla ya uji, na mimi kwa ujinga wangu niliona ni dhamiri inanishtaki. Daktari alisema turudi anipime tena, lakini hatukurudi, kwa sababu siku ile ilikuwa siku ya soko na baba aliogopa tutakutana na watu wa kanisa mlangoni mwa hospitali.

Ndipo ikaja ile Sabato alasiri. Mzee Omwenga alitusimamisha darasa zima atuzoeze ahadi zetu. "Pombe?" Tukajibu, "Tumeacha!" ingawa hakuna aliyewahi kuanza. "Tumbaku?" "Tumeacha!" "Chai na kahawa?" "Tumeacha!" na nusu yetu vidole bado vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai ya Ijumaa. Kisha akasema, "Na kila kitu cha kuchangamsha mwili?" Wenzangu wakapaza sauti. Mimi nikakohoa.

"Nyamoita, mbona hukujibu?"

"Nisamehe, mzee. Nilikuwa sisikilizi."

Watu wakacheka, hata yeye akacheka, maana ndiyo tabia yangu inayojulikana kanisa zima. Lakini ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu nimesikiliza neno kwa neno.

Tangu siku hiyo nimeacha kumeza, bila kumwambia baba wala daktari wala Mwalimu Nyanchera. Chupa nimeificha ndani ya gunia la wimbi. Na mambo yamerudi yalivyokuwa. Juzi katika jaribio la hesabu nilijibu swali la kwanza, nikalijibu tena, nikalipamba kwa mstari wa rangi, na kengele ikalia. Mwalimu mkuu aliniita akasema alama za mwisho wa muhula huu ndizo zitakazoamua, na zikiwa hivi, niende nyumbani nimsaidie mama kuchuma chai. Karani wa kituo akisikia hivyo nafikiri atajiuzulu.

Shuleni nako siri imevuja, kwa maana mwenye kuitunza ni mimi. Persis, ninayekaa naye dawati moja, hanipi nafasi ya kupumua. Anasema, "Wewe umemeza akili kutoka chupani ukatupita, sasa umeacha. Basi nipe mimi, mtihani unakuja." Nimemwambia nitafikiria, na wewe unajua kufikiria kwangu kulivyo. Rafiki yangu mwingine ni Batuli, ambaye baba yake ana duka la nguo mjini Kisii, na yeye nilipomweleza habari ya chai alicheka mpaka akakaa chini. "Wallahi, Nyamoita, kwetu mtoto akilia anapewa chai, akinyamaza anapewa chai kwa kunyamaza. Kama hiyo ni dhambi sisi tumekwisha!" Kisha akaniuliza kwa upole, "Lakini dawa si dawa tu?"

Mshauri, nataka kubatizwa kweli, si kwa sababu wenzangu wanabatizwa. Na shule naitaka kweli. Nikimeza, nitamdanganya Mungu ndani ya maji mbele ya umati wote wa makambi. Nisipomeza, nitarudi nyumbani. Je, nichague maji au kidonge? Nijibu upesi kabla sijasahau nilikuuliza nini.

Ni mimi,
Asiyetulia wa Magwagwa

JIBU

Binti yangu, barua yako nimeisoma yote na sikupotea njiani hata mara moja, kwa hiyo jambo la kwanza ni uache kujitukana kila baada ya mstari. Umejicheka kiasi cha kutosha ukoo mzima. Mtu anayeweza kueleza shida yake hivi hana upungufu wa akili, na kama mwalimu wako wa hesabu ameliona hilo, mwamini, maana walimu wa hesabu hawasifu ovyo.

Sasa nikugombeze. Moyo wako ulikuwa ukienda mbio, chakula kilikuwa hakipiti, na wewe ukakaa nalo moyoni ukidhani ni dhamiri! Dhamiri haimlegezi mtu sketi. Hayo ni mambo ya kumwambia daktari siku hiyo hiyo, na ndiyo sababu alikuambia urudi. Nimemwuliza daktari mmoja ninayemwamini hapa mjini, naye ameniambia hivi: dawa za namna hiyo zimewasaidia watoto wengi wenye shida kama yako, lakini si peremende. Humezwa baada ya kula, mapema asubuhi ili zisikunyime usingizi, kwa kipimo alichoandika daktari, na anayezimeza hupimwa moyo na uzito kila mara. Kipimo kikimzidi, hupunguzwa. Zikimkataa, huachishwa. Mwenye kuamua hayo ni daktari akishirikiana na wazazi wako, wala si mtoto mwenye gunia la wimbi. Uliacha kwa kujiamulia. Usianze tena kwa kujiamulia. Rudi hospitalini kwanza, useme yote, na zile asubuhi ulizomeza bila uji pia uziseme.

Persis mwambie hapana, leo, kabla hajakaa vizuri kwenye dawati. Wewe ulipimwa moyo kabla ya kupewa dawa ile. Yeye nani amempima? Kinachokutuliza wewe kinaweza kumnyima yeye usingizi, kumharibia moyo, na kumzoesha jambo ambalo hataweza kuliacha. Wewe mwenyewe umesema kidonge hakikukupa akili mpya, umesema vizuri kuliko watu wazima wengi walioniandikia juu ya mambo haya, wengine wakiziita dawa za wazimu na wengine wakizitafuta kwa ajili ya mitihani. Mrudie Persis maneno hayo hayo. Na chupa mpe mama yako aitunze, maana panya nao hawana cheti cha daktari.

Yule daktari mgeni namsamehe nusu. Alitaka kumtuliza mzazi mwenye hofu, akachukua mfano ambao angempa mtu yeyote duniani, bahati mbaya akampa mkulima wa chai asiyekunywa chai. Lakini mfano ni mfano. Mtu hunywa chai kwa sababu anaitaka. Wewe ulipewa dawa kwa sababu unaihitaji, na hukuiomba. Rafiki yako Batuli amekuuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa na baba yako siku ile ile pale mezani kwa daktari.

Kuhusu ahadi ya ubatizo, mimi si mchungaji na sitajifanya. Ila najua kwamba watu wa kanisa lenu hujenga hospitali, na sijasikia kwamba huzijenga ili watu waimbe tu ndani yake. Huenda Mzee Omwenga ana jibu tayari, jibu jepesi kuliko unavyoogopa. Lakini mtu hawezi kujibu swali ambalo hajaulizwa. Hukumpa nafasi. Baba yako naye hakumpa, na yeye ni mtu mwema mwenye kosa moja: aliikubali dawa akakataa ijulikane, akakubebesha wewe siri ambayo ni ya mtu mzima kubeba.

Kwa hiyo usichague kati ya maji na kidonge, kwa sababu hakuna aliyekutaka uchague ila hofu yako na ya baba yako. Mkalishe baba chini jioni moja, mama akiwepo, umwambie uliacha kumeza, na umwambie kwa nini. Hatafurahi. Mwache akasirike, kisha mwombe mambo mawili: akurudishe kwa daktari, na aende pamoja nawe kwa Mzee Omwenga, si kwenye darasa mbele ya watu, bali nyumbani kwake, mkiwa na chupa mkononi. Mwambieni ni dawa gani, nani aliitoa na kwa nini. Akikubali, ingia majini kwa amani. Akisema ungoje makambi mengine, ngoja bila kununa. Kubatizwa ukiwa na mwaka mmoja zaidi hakujamdhuru mtu. Na Mwalimu Nyanchera mwambie leo kwamba uliacha dawa, amweleze mwalimu mkuu kabla alama hazijaandikwa. Alikutetea alipokuwa hajui mengi. Akijua yote atakutetea vizuri zaidi.

Hospitali iwe Jumatatu ijayo, asubuhi, kabla foleni haijawa ndefu. Baba akisema siku hiyo ana chai ya kuchuma, mwambie majani yatachipua tena wiki ijayo, na umletee koti lake.