Leseni Iliyokaa Eda

Jumanne, 1 Oktoba 2002
Wameninyima. Nilikwenda ofisi ya leseni na buibui jipya, nikidhani ni kurudisha ya Ohio nipewe ya Texas, basi. Bibi wa kaunta kabonyeza kompyuta, uso ukamgeuka. Ohio wameifungia leseni yako tangu mwaka jana, akanambia. Texas hatukupi mpaka wao waifungue.

Nikamwambia, lakini mimi naishi Houston sasa. Akasema hilo si kitu, majimbo yanaambiana. Yaani nimehama na mtoto na masanduku mawili, na kosa nalo likahama.

Mwaka mzima naendesha huku nimefungiwa! Gari nimeliacha pale pale. Ahmada, mume wa dadangu, kenda kulichukua.

Alhamisi, 3 Oktoba
Kosa lenyewe ni taa nyekundu. Mume wangu, Baba Nuha, alikuwa hospitali Columbus, huko huko Ohio, wakanipigia niwahi, nikapita. Polisi akanipa siku ya kwenda kortini. Siku ilipofika nilikuwa mjane, niko ndani. Shemeji Abdulhafidh, nduguye marehemu, akanambia usitoke, kaa eda yako, mimi nitakwenda kuwaeleza. Nikajua yamekwisha.

Ahmada mzaha haumwishi. Basi leseni nayo ilikaa eda, kasema – wewe umetoka, yenyewe bado. Dadangu Hamdiya kamkata jicho. Mimi nimecheka, kisha nikaenda chooni kulia.

Ijumaa, 4 Oktoba
Kazi ya kutunza wazee majumbani bado yangu, wamesema. Lakini bila leseni ya Texas kufika mwisho wa mwezi atapewa mwengine. Wazee wako mbali mbali, mabasi hayafiki.

Na bila kazi hii hatutoki hapa kwa dada, Sharpstown. Nuha na mimi, kochi moja, sebuleni kwa watu. Hamdiya hasemi kitu. Afadhali angesema.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimepiga simu korti ya Columbus. Karani mpole. Siku ile ulikuwa hospitali? Hapana. Jela? Hapana. Ulikuwa wapi basi? Nyumbani.

Kwa nini hukuja? akauliza.

Eda kwa Kiingereza ni nini, Yarabi? Nikasema mume wangu alikufa. Pole sana, akasema, lakini alikuwa ameshazikwa, sivyo? Nifike mwenyewe mbele ya hakimu, tarehe kumi na saba.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimempigia shemeji. Nilijiandaa kumtukana, wallahi, maneno nilikuwa nayo. Sijamaliza salamu, kanambia hakwenda. Alitoka nyumbani kwenda kortini, akajikuta makaburini kwa kakake, akakaa hadi jioni. Akaona haya kunambia. Mwanamume mzima analia kwenye simu.

Matusi yote yakanikauka. Nilimwonea wivu, hilo ndilo lililonipata. Yeye alikuwa na pa kwenda kukaa. Mimi sikuzika, wanawake hatuendi. Eda ilipoisha Hamdiya akaja kunichukua, nikaondoka sijaliona kaburi la mume wangu.

Jumatano, 16 Oktoba
Ndani ya basi. Nuha nimemwacha kwa mamake mdogo. Kaniuliza kwa Kiingereza kama namfuata babake. Nimemwambia nafuata leseni.

Alhamisi, 17 Oktoba
Columbus. Baridi. Naandika garini mwa shemeji.

Kanipokea stesheni. Kazeeka. Basi limechelewa mno njiani, na la kurudi ni jioni hii hii. Kwenda kote kuwili, kortini na kaburini, haiwezekani. Hakimu nisipomwona leo, karani alisema, tarehe nyengine ni Disemba. Kazi itakuwa imekwenda.

Tumefika njia panda, taa nyekundu. Shemeji kaniuliza, macho mbele: Mama Nuha, kushoto kortini, kulia kwa kaka. Niende wapi?

Nimemjibu kortini. Nimesema kwa sauti, kasikia.

Taa imewaka kijani. Kaingia kulia.

Sijamwambia rudi.