Mbolezi Isiyofungwa

Tirana, Jumapili

Kaka yangu mpendwa Bardhyl,

Zikufikie salamu za dada yako, nikitumaini baridi ya Toronto haijakulaza. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Nyumba kimya. Bado nachemsha chai ya mlimani birika zima kama zamani, halafu nusu naimwaga.

Barua yako nimeisoma. Umesema hutakuja kumwekea mama jiwe la kaburi, kwani aliyekukana mbele ya kijiji kizima si mama yako. Sikujibu upesi, maana ni kweli alikukana. Ulipotoroka nchi ukavuka mpaka, watu wa chama walimsimamisha mkutanoni, akasema hana mtoto wa kiume. Nilikuwepo.

Kazi yangu kwenye hifadhi ya nyimbo za kale ni ileile, kuzihamishia kwenye kompyuta zile kanda kubwa za zamani. Kanda haina haraka. Mbolezi ya saa nzima utaisikiliza saa nzima. Zilizonata hupashwa moto kwanza kwenye oveni, na Petrit, fundi wetu, hunitania: "Bibi we, leo pai yako ya byrek ni ya nyama au ya maiti?" Kisha huyo, kwao kula na wanawe, nami nabaki na wafu masikioni. Kuna siku hanisemeshi mtu mwingine.

Juzi likafunguliwa sanduku la kanda za kwetu, Tepelenë. Juu ya kanda moja waliandika kwamba ni mama anamlilia kaka yake, Rrapo. Ilirekodiwa mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka.

Sauti ni yake hasa, Bardhyl, nikalia kabla hata ya maneno. Alimwita Rrapo kwa jina, wanawake wakaitikia. Kisha akaimba: Rrapo wangu wa mkono wa shoto, nani anakukatia mkate huko uliko? Nikasimamisha mashine. Mjomba Rrapo mkono wake wa kushoto si ulibaki vitani, kabla hatujazaliwa! Katika ukoo wetu anayekula kwa shoto ni mmoja tu, na bibi alimchapa sana kwa hilo. Jina lako lilikuwa halitajiki, basi akakulilia ndani ya jina la marehemu. Na wale wanawake walijua, kwa jinsi walivyoitikia.

Lakini unaijua mila yetu: aliye hai haliliwi, ni kumwitia mauti. Na mbolezi hufungwa kwa kumwombea maiti udongo uwe mwepesi juu yake. Mama hakufunga. Aliyekuwa akirekodi akamkumbusha kwa adabu kwamba amesahau mwisho, naye akamjibu: "Sijasahau, mwanangu. Huyu simfukii mie. Zima hicho kidude chako."

Petrit anasema sauti hii inaweza kukufikia kwenye simu sasa hivi. Nimemkatalia. Siitumi, kaka, hata ukinikasirikia. Njoo uisikilize hapa, tumwekee mama jiwe lake. Na nikuambie ukweli, si kwa ajili ya mama peke yake: nimechoka kusikiliza watu wasioweza kunijibu.

Nisalimie wifi na watoto, wote kwa majina yao.

Dada yako akupendaye,
Fatbardha