Mayai Yaliyochovywa Chai

Baba watoto,

Chakula chako kimefunikwa jikoni. Kuku wamekula, wabadilishie maji tu. Haya mayai kumi hapa mezani usimuuzie mtu yeyote.

Asubuhi ukiwa bado umelala alikuja fundi cherehani. Nilikuta mayai kikapuni, nikadhani kuku wetu wa kienyeji wameanza kutaga tena, nikampa yake kama kawaida. Mvua ilikuwa inanyunya na mikono yake imelowa, basi alipolishika la kwanza, vidole vikabaki na rangi. Akalisugua kwa upindo wa gauni, likawa jeupe pee.

"Shoga, siku hizi kuku wako wanakunywa chai?"

Alicheka, lakini mayai aliyaacha. Nilibaki nimesimama kama mwizi. Ndipo nikaenda jalalani nikakuta trei ya mayai meupe ya dukani na rundo la majani ya chai. Kumbe jana nilipokwenda kwa dada ulikuwa na kazi!

Si nilikuambia kuku wananyonyoka manyoya, hawatagi, wateja waambie wasubiri? Kusema "hakuna" kulikushinda nini? Yule mama ananunua kwangu tangu nina kuku watatu.

Sufuria yangu imeganda chai. Isugue mwenyewe.

Nimekwenda kwa wateja wote, nyumba kwa nyumba, kuwaeleza kabla hawajasikia kwa fundi. ~~Wakiuliza nani kafanya, nitasema ni mimi.~~

Hapana. Wakiuliza, nitasema ni mume wangu. Miaka yote hii nimekuwa nikisema ni mimi.

Mama watoto