Hatua Makumi Ine za Muguu Wangu

Baba Mado,

Ungekuwa muzima, leo ningekutupia mwiko. Nakuambia mapema ili ujue barua hii inakuja na roho gani. Wanawake wengine wanaandikia waume wao waliokufa maneno ya machozi. Mimi machozi nilimaliza wakati wa mvua ile tulipokuzika. Sasa nimebaki na kasirani, na hiyo kasirani ni yako yote, hakuna mutu mwingine wa kugawa naye.

Naandika na mukono wangu. Nadine, mujukuu wako, alitaka kunisaidia, nikamufukuza. Tangu aanze masomo kule Nchelenge anachanganya Kiingereza mu kila kitu, ata mu sala. Mimi niliishia mwaka wa tatu wa primeri, lakini herufi zangu zinasimama wima. Hazilale kama zako, kama mulevi njiani.

Jambo ni makaye yako, yale madaftari yako.

Unakumbuka siku tulikimbia vita? Watu walibeba magodoro, masufuria, cherehani. Jirani mumoja alibeba mulango wa nyumba yake. Na wewe, grefie wa tribinali, mwandishi wa kesi mu mahakama, mutu mukubwa wa biro, ulibeba nini? Ulikamata chungu changu, ukamwaga maharagi chini, ukajaza makaye. Tulivuka ziwa Mweru maji yakiingia mu pirogi, mimi natoa maji na kikombe, Mado wetu analia na watoto wake, na wewe umekumbatia chungu kama muzaliwa wa kwanza. Nikauliza, "Ni makaratasi ya tribinali?" Ukajibu, "Ndiyo, ya tribinali." Nikaendelea kutoa maji. Nilifikiri ni kesi za watu wetu, nikasema bon, ni kazi yake.

Tulipofika ngambo njo nikajua ulikuwa unaandika habari ya tribinali ya Ufransa! Ya zamani, kabla watu wa kule hawajaasi mufalme wao. Tena si tribinali ya muji mukubwa. Ni ya provensi moja tu, mbali, ambayo majuji wake waliisha kuoza wakati babu ya babu yangu hajazaliwa. Kwa ajili ya hao njo maharagi yangu yalibaki kwa kuku wa watu wengine.

Sikukuacha. Ningekuacha wapi?

Halafu hapa Mantapala, mu kambi ya wakimbizi, ukaanza kunisomea. Mimi namenya mihogo, wewe umekaa pale na muguu wako mubovu umeunyoosha, unageuza Kifransa kuwa Kiswahili, na mimi nakukatiza. Nitasema kweli: ile saa nilikuwa naipenda. Usicheke.

Ulisema majuji wa kule walikuwa wananunua kiti. Mutu ananunua kazi ya kuhukumu kama vile mutu ananunua pirogi, na akikufa anamuachia mutoto wake. Nikasema, "Na mutoto akiwa muzembe?" Ukasema, "Anavaa nguo nyekundu na anahukumu vilevile." Nikauliza, "Na grefie wako, yeye pia alinunua kiti?" Ukakohoa. Ulikohoa sana siku ile, Baba Mado.

Ulisema pia habari ya sukari. Kwamba zamani mutu akishinda kesi anamuletea juji vitu vitamu, matunda ya sukari, viungo vya kutoka mbali, kwa kushukuru. Halafu shukrani ikawa desturi, desturi ikawa deni, na mwisho sukari ikageuka feza, na asiyekuwa na feza kesi yake inalala mu sanduku mpaka panya wanaihukumu. Ulikasirika kabisa, kana kwamba umeibiwa wewe. Kesho yake wazee wa blok yetu, mutaa wetu wa kambi, walikuwa wanakaa chini ya turubai ya bashi kusikiliza kesi, wewe sekretere wao. Mimi kwa wema wangu nikaleta sahani ya karanga za kukaanga. Ulinirudisha nayo mbele ya watu wote! "Karanga njo mwanzo wa sukari." Wanawake walinicheka mpaka kwenye pompi ya maji. Karanga!

Na mufalme. Akitunga sheria, haikuwa sheria mu ile provensi mpaka tribinali iandike mu kitabu chake. Wakiona ni mbaya, wanamuandikia barua ya kulalamika, na mufalme naye anakasirika, anatuma mukubwa wake kukalia viti na kusema, "Andikeni!" Siku moja akawafukuza majuji wote, kila mumoja kijiji chake. Kisha wakarudishwa, watu wakawasha mioto ya furaha. Kisha watu walewale wakachoka nao, ile tribinali ikafungwa kabisa, milango ikapigwa muhuri wa nta. Vijijini watu wakachoma makaratasi ya mabwana wao, yale ya kuonyesha mashamba ni ya nani. Nikapiga makofi. Nikasema, "Wamefanya vizuri!" Wewe ukaniangalia kama nimepiga mutoto. Ukasema hupendi majuji, hupendi mufalme. Unapenda grefie tu, yule ambaye hakuna anayekumbuka jina lake. Ukasema, "Grefie haandike kitu anapenda. Anaandika kitu kilifanyika. Aliyeshinda na aliyeshindwa, wote mu wino umoja."

Maneno mazuri. Sasa sikia matunda yake.

Mwezi uliopita Mama Sera, jirani yetu wa upande wa kichuguu, alisimama mu shamba langu na jembe. Bwana yake yuko Kilwa, kile kisiwa cha hapa Mweru, anavua, kwa hiyo anapigana vita vyake mwenyewe. Akapaza sauti ili blok nzima isikie: "Mama Mado, mupaka yako iko na miguu! Kila mwaka inatembea!" Anasema matuta matatu ya mihogo, yale ya mwisho, ni yake. Yale matuta, Baba Mado. Mihogo imekaa miaka mbili mu udongo, minene kama paja la mutoto. Njo bukari, ugali wa Mado na watoto wake wane, mpaka mvua irudi. Nikamujibu kwa heshima yangu yote: "Mwizi anaonaka mwizi." Tukaitwa kwa wazee.

Muzee Kabwe, chefu wa kikao, akauliza nani anakumbuka namna mashamba yalipimwa. Ile miti ya mupaka tuliyopewa tulipofika, muchwa waliikula mvua ya kwanza, na tukapima upya sisi kwa sisi, hatua makumi ine kwa kila familia, tangu njia. Halafu akasema, "Marehemu aliandikaka yote. Kaye iko wapi?" Ee, nikasimama! Nikafunga kitenge vizuri. Nikasema, "Kaye ya bwana yangu iko mu chungu yangu. Juma ijayo nitaileta, na wewe Mama Sera, anza kukunja mukeka." Watu wakacheka upande wangu. Nilitembea mpaka nyumbani kama mutu amevaa ile nguo nyekundu ya Wafransa.

Nikatafuta kesi yetu siku tatu, kidole chini ya kila neno, maana wewe kwa ubahili wa karatasi uliandika upande mumoja Wafransa na mugongoni mwa karatasi ileile sisi watu wa blok. Nikapata. Nakuandikia vile uliandika, ujisikie mwenyewe:

"Shamba letu na la Mama Sera. Hatua makumi ine tangu njia. Hatua ni za muke wangu, sababu muguu wangu ni mugonjwa. Alirefusha muguu kupita kawaida. Nilimuonya, akakataa. Mama Sera alikuwa ndani na mutoto wa siku tatu, hakuona."

Nilisoma mara tano. Nilitumaini ni kusoma kwangu kubaya.

Halafu siku ile yote ikarudi. Wewe umeegemea fimbo, unahesabu. Mimi nimeinua kitenge mpaka magoti. Na ukasema, "Mama Mado, unatembea ama unaruka mufereji?" Na mimi nikasema, "Andika, we! Muguu ni wangu, si wa serikali." Tukacheka. Baba Mado, tulicheka wote wawili! Nilijua umeandika makumi ine basi. Sikujua umeandika na muguu.

Njo hapo kasirani ilinipanda mpaka kichwa kikauma. Miaka yote ile ulilala karibu nami na ile karatasi mu chungu, na mudomo wako haukufunguka. Hukusema, "Muke wangu, rudisha matuta matatu." Ungesema, ningekutukana siku mbili, halafu ningerudisha. Unanijua. Lakini hapana, bwana grefie hasemi, bwana grefie anaandika! Na ulikula! Ile mihogo ya muguu murefu, nani aliila? Nani alikuwa anasema, "Leo bukari ni laini, ongeza"? Ulirudisha karanga zangu mbele ya watu, na bukari ya Mama Sera ukaimeza kila siku na sombe ya majani ya mihogo juu. Ile njo ilikuwa sukari yako, Baba Mado. Sukari ya juji kabisa. Iyo hukuandika.

Sasa nitakuambia jambo lingine, na usininyamazie kule uliko. Maharagi yalikuwa motoni. Nilichana ile karatasi. Si yote, nilianza tu pembeni. Hakuna mutu mwingine aliyeisoma. Wazee wangesema, kaye haina neno, mwenye kulima abaki na shamba. Watoto wa Mado wangekula. Nikawaza wale watu wa vijijini wa Ufransa na mioto yao, na vile niliwapigia makofi.

Nikageuza upande wa pili nione ninachoma nini. Kifransa. Mistari yako imejaa mpaka ukingo, imelala yote upande mumoja. Sijui ni nini. Labda ni yule grefie wako asiye na jina, labda njo siku wanapiga muhuri ku mulango, labda ni habari ya viatu vya juji. Mu nyumba hii hakuna tena mutu wa kuisoma. Nikakasirika mpya: ningechoma mugongo wa karatasi wenye kesi yangu, ningechoma na tumbo lake lenye Wafransa wako. Ulivusha haya makaratasi na maji mu magoti. Uliacha maharagi yangu kwa sababu yake. Nichome mimi? Nikaondoa chungu cha maharagi, nikazima moto na teke, tukala maharagi magumu. Watoto walilalamika. Nikawaambia waulize babu yao.

Siku ya kikao nikaenda. Nilijua Muzee Kabwe angempa kijana asome haraka, kwa hiyo nikashika kaye na mikono miwili. Nikasema, "Nitasoma mimi." Mama Sera akasema kwa nguvu, "Asome polepole basi, asiruke maneno vile anarukaka hatua!" Nilisoma kila neno, kidole chini. Nilipofika "alirefusha muguu" watu walianza kucheka. Nilipofika "mutoto wa siku tatu" waliacha.

Mama Sera hakucheka kabisa. Alisema, "Nilikuwa na damu, Mama Mado. Nilisikia munacheka inje. Nikafikiri munanifurahia mutoto."

Hilo neno, Baba Mado, nimelibeba mpaka leo. Nakupa nusu yako ubebe.

Walipima tena na kamba ya wavu, mbele ya wote. Matuta matatu, na kipande cha tuta la ine juu. Muzee Kabwe alisema shamba ni la Mama Sera, lakini mihogo, mumoja alipanda, mwingine ana udongo, wagawane. Nikasema sitaki kugawa. Nikaenda kuchimba, nikajaza kitunga, nikakiweka mbele ya mulango wake bila kupiga hodi. Sikuomba musamaha kwa mudomo. Unajua mudomo wangu kazi yake ni ingine. Kesho yake kitunga kilirudi na chisense, visamaki vya ziwa, zilizokauka vizuri, kutoka kwa bwana yake. Nikasimama nacho pale nawaza: hii ni sukari ama si sukari? Kesi iliisha kwisha. Ungekuwepo ungenichosha na hilo swali mpaka samaki waoze. Tumezila. Zilikuwa tamu.

Watoto wa Mado wanakula mara moja na nusu kwa siku. Tutafika. Nimepanda viazi vitamu ku upande wa njia, ndani ya hatua zangu.

Halafu nilikamata biki. Chini ya maneno yako, pale palibaki nafasi ya mustari moja, nikaandika na herufi zangu za wima: "Na grefie alikula." Nimeweka jina langu. Sasa kesi imekamilika, wino umoja, kama ulivyofundisha.

Bon. Mukono umechoka. Makaye yako yako mu chungu, nimefunga mudomo wake na bashi, na nimewaambia watoto anayetoa karatasi kuwashia moto nitamutoa masikio. Nadine nimemuambia, akimaliza Kiingereza chake, atafute Kifransa, aje anisomee upande ule mwingine, nijue wale majuji waliishia wapi na niliokoa nini.

Lala, muzee wangu mukaidi. Naahidi hivi: siku watakapopima nafasi yangu karibu na yako, sitarefusha muguu. Sogea tu kidogo.

Mimi,
Mama Mado