Taya la Mtani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Mazoezi asubuhi. Baridi ya Songea inaingia mpaka ndani ya magoti. Nimefunga goti la kulia kwa mpira wa tairi la baiskeli, nimekimbia raundi kumi, nimetapika. Miaka thelathini na nne. Hii ni timu yangu ya saba: Dar, Tanga, Morogoro, Tabora, Mwanza, Mbeya, sasa hapa. Kwenye karatasi za kiwanda cha tumbaku mimi ni karani wa stoo. Kazi yangu hasa ni kusimama chini ya kikapu na kuumiza watu. Sifungi sana. Nina kiwiko.

Leo nimempasua mdomo mwenzetu mmoja. Kocha Saidi akasema, "Hicho hicho, Jumamosi uwapelekee Lizaboni." Nimefurahi siku nzima.

Jumatano, 5 Juni

Tangazo ukutani. Mwenye kiwanda mpya anapunguza watu. Timu inabaki, anapenda mpira wa kikapu. Maana yake asiyecheza hana kazi, na chumba alichopewa na kiwanda kule Ruhuwiko anakirudisha. Timu ya nane haipo. Nani atanichukua na goti hili?

Sokoni nilikokwenda kutafuta raba za mitumba nimekutana na Gaspari, senta wa Lizaboni. Yeye Mngoni, mimi Mhehe, kwa hiyo ni mtani wangu. Nimemzidi miaka kumi lakini hajawahi kuniamkia hata siku moja. Amepaza sauti soko zima likasikia: "Fungeni mbwa wenu! Mhehe anapita, hajala tangu jana!" Nikamjibu arudi kwao kwa Wazulu, mkimbizi mkubwa. Mama yake, anayeuza maharage pale, alicheka mpaka akashika kiuno. Watu pekee wanaonichekesha katika mji huu.

Jumamosi, 8 Juni

 

Dakika ya pili nilimkanyaga mmoja, ukucha ukatoka. Dakika ya kumi nikapigwa kichwa, nyusi ikapasuka, damu ikajaa jichoni. Refa alikuwa anaangalia mawingu. Aliyenipiga nikampelekea ngumi ya mbavu, akakaa chini akitafuta pumzi. Mpira wetu wa kawaida.

Tukiwa nyuma kwa pointi mbili Gaspari akanifunga mbele ya uso. Akawageukia mashabiki, akajikaba shingo, akatoa ulimi. "Mhehe kaaibika! Mleteeni kamba ajinyonge!"

Uwanja mzima ukacheka. Wahehe wote tunatupiwa utani huo. Nimeusikia mara mia, na mara mia nimecheka.

Leo nilimwona Lukas. Mdogo wangu, nyuma ya nyumba yetu Iringa, mwezi wa pili. Kamba niliikata mimi. Hapa Songea hakuna niliyemwambia.

Nilimpiga Gaspari mara tatu. Kwanza kiwiko, taya likalia kama kuni kavu. Mara mbili ngumi, akiwa tayari chini. Meno mawili yalibaki kwenye saruji. Walinivuta watu wanne. Nyuma yao mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele, "Kampiga mtani wake! Jamani, kampiga mtani!"

Jumapili, 9 Juni

Mkono umevimba, kijiko hakishikiki. Asubuhi sikujuta. Alistahili.

Mchana nimejuta. Alistahili nini? Hakujua.

Jumanne, 11 Juni

Kamati. Mwenyekiti ni Mngoni, mtu mzima, mpole. Akasema: "Ungempiga kwa ajili ya mpira, ningekufungia mechi tatu, tumalize. Umempiga mtani kwa sababu amekutania. Kanuni za mpira hazina jambo hilo. Hata mimi sijui niandikeje."

Akaandika. Nimefungiwa maisha. Ila Gaspari akitia sahihi karatasi waliyonipa, kwamba yameisha kwa desturi ya utani, naachiwa.

Kocha Saidi nje ya ofisi: "Nenda kwake. Wallahi, bila sahihi ile mimi sina la kukusaidia."

Naogopa. Sijaogopa hivi uwanjani hata mara moja.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeingoja hospitali imtoe. Leo nimekwenda kwao Lizaboni na jogoo mkononi. Njiani nilikuwa nimeshapanga utani. Nikausema mlangoni: "Wangoni, nimekuja kumalizia meno yaliyobaki!"

Hakuna aliyecheka. Gaspari alisimama, akanipisha kiti. Meno yake yamefungwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Akasema kwa shida, "Shikamoo, kaka."

Ngumi ingeuma kidogo kuliko hiyo.

Nikashindwa kuitoa karatasi. Nikajikuta nasema habari za Lukas, zote, mpaka kamba. Gaspari aliinamisha kichwa. "Pole, kaka. Ningejua nisingetamka."

Mama yake hakunipa pole. Aliniuliza tumezika lini. Nikamwambia.

"Mwezi wa pili! Na umekuja hapa mwezi wa tatu, unakula na sisi, unacheka na sisi, kimya? Msiba mtani ndiye anayeambiwa mwanzo! Ungesema, huyu angekuja kulala kitandani kwako na viatu vyake, akakataa kutoka mpaka ucheke. Ndiyo kazi yake hiyo. Umemnyima kazi yake, halafu umemvunja taya."

 Gaspari mwenyewe aliomba kalamu. Alitia sahihi bila kusoma.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefunguliwa. Jina langu liko kwenye orodha. Kocha amenikumbatia. Mazoezini kijana mmoja alinipiga kwa goti pajani makusudi. Nikainua kiwiko. Nikamwacha. Kocha kaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 29 Juni

Mama yake Gaspari alifika asubuhi Ruhuwiko na wanawake wawili, na unga, na Gaspari nyuma yao. Hawakuniambia wamefuata nini. Walitandika mkeka chini, wakakaa, kama watu wanavyokaa msibani.

Waliniuliza jina la marehemu. Waliniuliza alikuwa na miaka mingapi, na alipenda kula nini. Nikajibu yote. Gaspari alikaa karibu na mlango, kitanda hakukigusa. Nilikuwa namngoja aseme lolote, hata la mbwa. Hakusema.

Nimelia mbele yao kwa sauti. Hakuna aliyenicheka.

Baada ya ugali wameosha vyungu, wakaenda.