Ukurasa Tuliouruka

Mama Upendo,

Naandika mwenyewe. Jirani yetu wa ghorofa ya sita, Mama Glory, alisema nimtajie maneno yeye aandike, nikamwambia mimi siandikiwi. Naandika kwa herufi kubwa kama zile za kwenye marobota ya nguo, kwa kalamu ileile nene, na kila neno nalitamka kwanza ndipo nashusha mkono. Nilianza Jumanne. Leo Alhamisi. Usicheke.

Hapa miili iko salama. Chumba ni kilekile, nyuma ya barabara ya Huanshi, na jirani wa chini bado anakaanga samaki wake asubuhi mpaka mashuka yananuka. Soko la nguo la Shisanhang naenda kila siku, mapema, kabla barabara haijajaa mikokoteni. Wenye maduka bado wananiita laoban, yaani bosi, mimi nisiye na duka. Wakiniambia meiyou, hamna, mimi najua ipo chini ya meza, na inatoka. Vijana wa Dar wanakuja kuniuliza, mzee, kitambaa hiki kitachuja? Nakinusa tu. Hakuna mtu Guangzhou hii aliyewahi kuniuzia suruali mbovu, na hilo unalijua.

Ila ndani ya nyumba nimeharibu, mke wangu.

Ni mjukuu wetu. Katimiza miaka minane mwezi mmoja baada ya kukuzika kule Tukuyu. Atu hajui kusoma bado. Nimeandika, limetoka.

Wewe hukuwa na haraka naye. Ulimfundisha pale pale jikoni, mchele kwenye ungo, kitabu pembeni, na ukiona macho yamechoka unafunga hata katikati ya mstari. Upendo akilalamika kwamba unamdekeza mtoto wake, unamjibu bila kuinua kichwa: "Nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita. Wengine huanza Januari, wengine Oktoba. Wakifika la nne huwezi kujua nani ni nani." Mwalimu akisema, nani ajibu?

Sasa mwalimu hayupo. Tulipomaliza matanga Upendo akaniambia, baba, mimi nabaki Dar miezi mitatu kutoa mzigo bandarini, na nikirudi Guangzhou nikikuta Atu hasomi nampeleka shule ya bweni Iringa. Si kwa ubaya. Anaogopa, kama mimi ninavyoogopa. Lakini mtoto huyu hajawahi kulala mbali na mimi na wewe, na tangu uondoke analala ameshika mkono wa sweta yako. Nikaona Iringa, nikaona vitanda vya chuma, nikasema: "Nitamfundisha mimi." Upendo akashukuru. Anaamini baba yake alimaliza la saba. Hukunisema hata ulipokuwa unaumwa.

Nilijaribu, Mungu shahidi. Lakini mimi na yeye tuko mwendo mmoja. Anafika kwenye neno refu ananitazama, na mimi nalitazama neno. Halafu kila Jumapili Upendo anapiga simu ya picha anauliza, vipi masomo? Na Mama Glory huku anamleta mtoto wake wa miaka mitano, anasoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya biskuti, mama yake amekunja mikono anatabasamu. Unanijua. Nikamwambia wa kwangu anasoma kurasa nzima.

Unakikumbuka kile kitabu cha mbuzi aliyekataa kuoga? Ulitusomea mpaka tukakishika kichwani, mimi na Atu, neno kwa neno. Basi nikamwambia Atu akishike mbele ya simu, aseme yale maneno, na mimi nikikohoa afungue ukurasa. Upendo alilia. Kule Kariakoo, katikati ya marobota, alilia kwa furaha, akasema, baba, ahsante. Nikavimba kama mimi ndiye mbuzi mwenyewe.

Tukafanya Jumapili ya pili, na ya tatu. Ya tatu kikohozi kikanibana kweli, Atu akafungua kurasa mbili kwa mpigo. Picha ni ya mbuzi amekwisha kuoga, mtoto anasema mbuzi amepanda juu ya paa. Upendo hakuona, simu ilikuwa inamtazama Atu usoni. Atu aliona. Alimaliza kitabu chote bila kutazama tena chini, simu ikakatika, akaniuliza: "Babu, tunamdanganya mama?"

Nikamkemea. Nikamwambia watoto wenzake wanasoma, yeye anauliza maswali. Nikafungua kitabu kingine, nikaweka kidole kwenye mstari, nikasema soma. Soma. Nilipiga meza, Mama Upendo. Sikumpiga yeye, lakini meza ile ni yako na alishtuka vilevile. Akashuka kwenye kiti akaenda kukaa sakafuni karibu na jokofu. Wiki tatu sasa hajagusa kitabu. Vile vikaratasi ulivyobandika kwenye makopo, unga, chumvi, majani, vilivyokuwa vinamfurahisha akipita, anapita ametazama ukutani.

Na Upendo anafika kesho kutwa, Jumamosi. Jumapili kwenye ibada ya ushirika wetu ameomba Atu asome somo mbele ya watu wote. Mama Glory ndiye aliyependekeza, kwa sababu ya mdomo wangu. Nimewaza niseme mtoto anaumwa. Nimewaza tukariri na hilo somo. Nimefika hapo, kweli.

Kisha nikamkumbuka mwalimu wangu wa la pili. Hadithi hiyo nilikupa wewe peke yako. Aliniita mbele, akanipa kitabu, watoto wote wananitazama, na herufi zikawa zinatambaa. Alinichapa kila nilipokwama. Kesho yake nilikwenda kuchunga, na shule sikuirudia. Wewe ndiye uliyenikalisha chini, mtu mzima nina ndevu, tukiwa na Upendo mchanga mgongoni mwako. Niliposhindwa nikatupa kalamu uliiokota, ukasema, "Baba Upendo, hakuna anayekukimbiza." Ilinichukua miaka miwili kuandika jina lako.

Na mimi nimempigia meza mtoto.

Hapo niliiweka kalamu, kwa sababu macho yalikataa. Naendelea sasa, ni Ijumaa.

Jana nilipokuwa nimeinamia karatasi hii Atu alikuja. Sikumwita. Aliona herufi kubwa, labda alidhani ni alama ya robota. Akasimama ubavuni kwangu, kidevu kwenye mkono wangu. Kidole chake kikatembea. Kikasimama. Kikarudi nyuma. Midomo inachezacheza bila sauti, kama yangu. Muda wa kuchemsha chai ulipita, nakuambia kweli, na kidole changu sikukipeleka kwenye mstari.

Halafu akasema: "Babu, hapa umeandika Atu hajui kusoma."

Nikasema ndiyo, nimeandika.

Akafikiri. Akasema, "Ongeza bado."

Nimeliongeza. Lirudie pale juu, utaona limebanwa mwishoni, halikuwa na nafasi. Akanitazama nikiandika herufi zote nne, akaenda zake jikoni, na nikamsikia akilitaja kopo la chumvi.

Niliishika simu. Nilikuwa nimekwisha kulibonyeza jina la Upendo. Ningemwambia, na baada yake Mama Glory, na ushirika wote, na wenye maduka wa Shisanhang hata kama hawasikii Kiswahili. Atu akachungulia mlangoni akasema, "Usimwambie mama. Nitamsomea mimi, nikitaka." Nikaifunga simu. Imenichoma kuifunga.

Kwa hiyo nakuahidi. Kesho uwanja wa ndege, kabla hatujafika kwenye gari, nitamwambia Upendo mambo ya kile kitabu, na nani aliyekohoa. Nitamwambia Jumapili Atu atakaa kwenye kiti chake na somo litasomwa na mtu mwingine. Nitamwambia baba yake aliishia wapi shuleni, na ni nani aliyemfundisha baada ya hapo na kwa miaka mingapi. Huenda akakasirika, akakata tiketi ya Iringa palepale. Lakini neno alilosoma Atu sitalitoa nijiokoe nalo. Ni lake. Nimekuambia wewe tu, kwa sababu kwa mtu fulani lazima nijisifu.

Meza yako sitaipiga tena.

Pumzika, mwalimu wangu. Mstari huu nimeandika bila kutamka.

Mumeo,
Baba Upendo, wa darasa la pili